Bahasha Niliyoishonea Mfuko

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Idara ya Wageni na Uhamiaji. Ndugu Mwenyekiti wa bodi ya kituo chetu cha msaada wa sheria kwa wageni. Waheshimiwa mawakili mliofika na mlioomba udhuru. Wakalimani, wauguzi na walimu. Ndugu wageni waalikwa. Majirani zangu wa ghorofa ya tatu, ambao kwenye orodha ya itifaki hamkuwekwa lakini mimi nawaweka. Na wewe mstaafu wetu, mama yetu, ambaye tangu nisimame hapa umekwisha kutazama saa mara mbili: wakubwa shikamooni, na wengine wote habari za mchana.

Nimepewa dakika kumi. Katibu wa kamati amenikabidhi pia karatasi ya mambo ya kuzingatia, na la kwanza limepigiwa mstari mwekundu: "Tafadhali, asifanye utani." Ndugu Katibu, karatasi nimeisoma, nimeikunja, nimeitia mfukoni. Miaka kumi na miwili kwenye meza ya mapokezi ya kituo hiki imenifundisha kusoma kila karatasi ninayopewa. Haijanifundisha kuzitii zote.

Tumekusanyika kumuaga mama ambaye jina lake la kazini limo kwenye kadi ya mwaliko, lakini mkienda barabarani mkaulizia kwa jina hilo, mtapotea. Ulizeni Mama Mimina. Kwa miaka ishirini na sita, kila aliyepanda kufika kwenye vyumba vyetu viwili juu ya duka la fundi viatu alifika na mfuko. Mwingine mfuko wa plastiki, mwingine begi la shule, na kuna mzee mmoja alikuja na foronya ya mto imefungwa kwa kamba ya kiatu. Ndani ya mfuko ni makaratasi. Na kila mmoja alianza kusimulia akiwa bado mlangoni, huku analia au anafoka, na Mama Mimina alimwonyesha ile meza ndefu iliyotandikwa blanketi la kijivu, akasema neno moja tu: "Mimina."

Ukamimina. Vyeti, tiketi, karatasi za dawa, picha za harusi, nusu ya biskuti. Yeye akavaa miwani, akaanza kupanga mafungu matatu. "Hii inauma leo," anasema. "Hii itauma mwezi ujao. Na hii haiumi hata kidogo, inakujazia mfuko tu." Halafu, kama kuna barua haijafunguliwa, anakupa kisu cha siagi. Anakupa wewe. Sijawahi kumwona akifungua barua ya mtu mwingine, hata mtu awe anatetemeka namna gani. "Barua ni yako," atakwambia, "fungua wewe, mimi niko hapa." Na anakaa. Nimeona watu wakimaliza dakika ishirini wameshika kile kisu, na yeye amekaa, hakohoi, hatazami saa. Saa alikuja kuanza kuitazama leo, kwenye hotuba yangu.

Na msidhani ilikuwa ni sheria peke yake. Nani mwingine angetufundisha kuongea na simu za serikali? Mimi mwenyewe, wiki yangu ya pili katika nchi hii, nilipiga simu ofisi moja, akapokea mama mwenye sauti nzuri ya heshima. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaniambia nibonyeze moja. Nikasema, "Mama, nimekuamkia." Akaniambia nibonyeze mbili. Nikakata simu kwa hasira, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Mimina kushitaki kwamba watumishi wa hapa hawana adabu. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Kisha akapiga ile namba, tukabonyeza pamoja, tatu, nyota, mbili, tukangoja, tukabonyeza tena, mpaka tukampata mtu mwenye pua na mdomo. Mheshimiwa Mkurugenzi, nakuona unacheka. Sauti ile bado ipo, na mpaka leo haijaitika.

Sasa, kwa nini nimechaguliwa mimi kusema? Kuna mawakili humu wenye ndimi za kulipiwa. Kuna mwalimu ambaye angesema kwa mpangilio. Nimechaguliwa kwa sababu katika watu wote waliopita pale juu, mimi ndiye niliyempa mama huyu kazi kubwa kuliko wote. Wenzangu walimletea matatizo yao. Mimi nilimletea matatizo ya ghorofa nzima, na niliyatengeneza mwenyewe kwa mikono yangu.

Nilikotoka nilikuwa fundi cherehani. Duka langu lilitazamana na mahakama, na kwa miaka kumi na saba nilishona majoho ya mawakili. Wakili akipimwa joho hanyamazi. Anasimama juu ya kigoda, mikono ameitandaza, mwenzake ameketi kwenye benchi, na wanajadili kesi kana kwamba fundi ni ukuta. Nami nimepiga magoti chini, pini tano mdomoni, siwezi kuuliza swali hata nikitaka. Kwa hiyo sheria niliijua vizuri sana, ila kwa vipande, na kila kipande kilikatikia pale wakili alipoteremka kigodani akaenda zake.

Nilipofika hapa, siku ya tatu kwenye bweni la wageni, jirani akaniuliza kule nilifanya kazi gani. Nikajibu, "Nilifanya kazi na mawakili." Ndugu zangu, huo ni uongo? Sio uongo. Lakini kabla ya chai ya jioni habari ilikwisha kuenea kwamba ghorofa ya tatu kuna wakili. Je, nilikanusha? Hebu niwaulize ninyi: mtu amepoteza nyumba, amepoteza duka, amepoteza cherehani aliyoinunua ujanani, viatu alivyovaa amepewa na vinambana, halafu asubuhi moja anashuka ngazi na watu wanasogea kumpisha, wanasema, "Pita, wakili." Wewe ungekanusha?

Nikatafuta tai. Nikaweka kiti pale ngazi zinapokata kona, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, na ofisi ikafunguliwa. Wakanibatiza Wakili wa Ngazini. Nilishauri juu ya shule, nikashauri juu ya zahanati, nikashauri juu ya mapipa ya taka. Mapipa ya pale yalikuwa ya rangi nne, nami nikatoa mwongozo kwa ghorofa nzima kwamba kila kitu kiende kwenye pipa la rangi yake. Nyanya iliyooza, pipa jekundu. Chupa ya kijani, pipa la kijani. Watu walitii. Mwenye gari la taka alikuja kupiga picha.

Hadi hapo ni mchezo. Sasa nije kwenye barua.

Siku moja, kule dukani kwangu, nikiwa chini napindisha pindo, nilimsikia wakili akimwambia mwenzake: "Mteja wangu hakupokea taarifa rasmi, kwa hiyo muda haujaanza kuhesabika." Nikaipenda sana sentensi ile. Niliibeba kichwani nikavuka nayo mpaka. Na pale ngazini, watu wakiishi kwa hofu ya bahasha za serikali, zile za kahawia zenye kidirisha, mimi nikaigeuza dawa. Nikawaambia: usifungue. Usipoifungua hujapokea, usipopokea muda hauhesabiki, na muda usipohesabika hakuna atakayekugusa. Walifurahi ajabu. Ni nani asiyetaka kuambiwa kwamba jambo analoliogopa halijafika?

Kwenye mlango unaotazamana na wangu alikaa dada mmoja ambaye tulimwita Mama Pacha. Alikuwa ametoka kwao kwa njia ambayo mtu hapiti na watoto, akawaacha mapacha wake kwa bibi yao upande wa pili wa mpaka, wana miaka mitatu. Alikwisha kupeleka maombi ya kuwaleta, na kitu alichokuwa anangoja duniani kilikuwa kimoja tu, majibu. Asubuhi moja akaja ngazini, ameshika bahasha kwa vidole viwili.

"Kaka wakili, imekuja. Niifungue?"

"Umeitilia sahihi popote?"

"Hapana. Nimeikuta chini ya mlango."

"Basi haijafika."

"Mbona ninayo mkononi?"

"Mkononi ipo. Kisheria bado."

Akaitazama. "Na kama ni habari njema, kaka?"

Nikamjibu, na nakumbuka hata namna nilivyonyoosha tai wakati najibu: "Dada yangu, habari njema haiji kwenye bahasha ya kidirisha."

Na kwa kuwa mimi ni fundi, sikuishia kwenye maneno. Nilichukua koti lake, nikafungua bitana, nikaishonea bahasha ile mfuko wake ndani, nikafunga kwa mshono wa kurudia mara mbili. Kazi safi. Akavaa koti lile kila siku, majibu ya wanawe yako mgongoni mwake, na anaendelea kuyangoja.

Mwezi mmoja na zaidi ukapita. Maji ya moto yakakatika bwenini, nami, kama wakili wa jengo, nikatumwa kituoni kuuliza haki zetu. Mama Mimina akaandika mambo ya maji, akapiga simu, mtambo ukapatiwa fundi. Kisha akaniuliza tu, kwa mazungumzo, "Na barua zenu mnazipata vizuri?" Nikamweleza nadharia yangu yote, kwa fahari, nimekunja nne. Akaweka kikombe chini.

"Umewashauri watu wangapi hivyo?"

"Ghorofa ya tatu yote, mama. Na nusu ya ya pili."

"Walete," akasema. "Sasa hivi. Na barua zao."

Tulikwenda kwa mstari, watu kumi na watatu, tukapita mbele ya duka la fundi viatu, akatoka nje na kiatu mkononi kututazama. Juu, kisu cha siagi kikaanza kuzunguka. Na nyingi za barua zile, ndugu zangu, zilikuwa hazina neno. Moja ilikuwa ya chanjo. Mbili za maktaba. Moja ilikuwa mwaliko wa sherehe ya kuwakaribisha wakazi wapya, chakula bure na muziki, Jumamosi iliyokwisha kupita wiki tatu nyuma. Watu waliniangalia vibaya kwa ile sherehe kuliko kwa jambo jingine lolote.

Halafu Mama Pacha akavua koti. Nikapewa kisu, na hiyo ndiyo mara pekee kisu kile kilipofika mkononi mwa mtu asiye mwenye barua, maana mshono ulikuwa wangu. Nilifumua. Laiti ningekuwa fundi mbaya! Nilishona vizuri mno. Watu kumi na wawili wamesimama wananitazama, na mimi natoa uzi mmoja mmoja.

Akaifungua mwenyewe. Mheshimiwa Mkurugenzi, kwa heshima zote, barua ile ilikuwa na aya tisa, na neno "watoto" lilikuwa kwenye aya ya nane. Maombi yalikubaliwa karibu yote. Ilitakiwa karatasi moja tu, ridhaa ya bibi yenye muhuri, iletwe ndani ya siku thelathini, la sivyo faili litafungwa. Ilikuwa siku ya thelathini na tisa. Mama Mimina akamwambia, "Mimina mfuko wako." Akamimina, na ridhaa ya bibi, yenye muhuri, ikaanguka pale juu ya blanketi la kijivu. Alikuwa nayo tangu siku aliyofika.

Mama Pacha hakulia. Aliniangalia mimi, na hakuniita wakili.

Faili lilikuwa limefungwa, na ili lifunguliwe ilihitajika sababu ya kuchelewa. Sababu ilikuwa mimi. Mama Mimina akaandika maelezo kwamba fulani, asiye wakili, alijifanya mshauri akawaambia watu wasifungue barua. Nikatia sahihi. Faili likafunguliwa. Na miezi kumi na minne tangu siku ile ya kisu, mapacha wakaja.

Nilikuwepo siku hiyo kwenye ukumbi wa kufikia wasafiri. Wameingia wakiwa na miaka sita, wameshikana mikono, wamevaa sweta za aina moja. Mama yao alikimbia mpaka mbele yao, akasimama. Na wale watoto, walivyofunzwa adabu na bibi yao, wakainua nyuso, wakamwambia, "Shikamoo. Tunamtafuta mama yetu."

Mama Mimina alikuwa nyuma yangu. Aliniwekea mkono begani. Jumatatu yake akanipa meza ya mapokezi. "Watu wanakuamini haraka," aliniambia, "sasa uwaambie la kweli." Tangu siku hiyo kazi yangu ni hiyo: kumwambia kila anayeingia afungue barua yake, na kwamba akipewa ushauri na mtu yeyote, nikiwemo mimi, aombe aonyeshwe mahali palipoandikwa. Ninyi mlioketi safu ya nyuma, mliofika nchini mwezi huu, na mifuko yenu naiona chini ya viti: mimi ni wakili wa uongo mwenye uzoefu, nawajua wenzangu. Mkimwona mtu ana jibu kabla hamjamaliza swali, mwenye tai, ameketi mahali ambapo si ofisi, mwamkieni kwa heshima, mpite.

Nilipaswa kumalizia hapo. Ndivyo nilivyoandika, na Katibu ameshasimama kuchukua kipaza sauti. Katibu, keti kidogo.

Kuna mahali nimeruka. Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi, kwenye semina, kwenye harusi, na kila mara naruka pale pale. Nimesema, "Nikatia sahihi." Mama Mimina anajua. Mtazameni, ameacha kutazama saa.

Siku ile, watu walipoondoka, aliniambia: "Ukisaini, watakuuliza na wewe ulijifanya mshauri kwa idhini gani, na faili lako mwenyewe la kubaki nchini bado liko mezani kwao. Sikufichi. Usiposaini, sina sababu ya kuwapa." Akaweka kalamu juu ya blanketi. Nikamwambia nitarudi mchana. Sikurudi. Nilijifungia chumbani siku nne. Nilikuwa nafikiria faili langu. Siku nne, na Mama Pacha kila asubuhi anakwenda kituoni kuuliza, na Mama Mimina anamwambia, "Tunangoja karatasi moja." Hakumwambia ya nani. Siku ya tano nilipopanda zile ngazi, kalamu ilikuwa pale pale, watu wamemimina mifuko yao pembeni yake. Nikasaini. Hakuniuliza nilikuwa wapi.

Lakini kikao kinachopitia mafaili ya namna ile kilikuwa kimekaa siku ya tatu. Kilichofuata kilikuja baada ya miezi mitatu. Ndugu wageni waalikwa, katika ile miezi kumi na minne, kumi na mmoja ilikuwa ya ujinga wangu na mitatu ilikuwa ya woga wangu. Ujinga nilikwisha kuuombea radhi zamani. Woga sikuwahi. Niliwahi kwenda kumwomba msamaha mama huyu, akanijibu, "Si mimi. Watoto si wangu." Na kwa miaka yote hiyo amekula nasi, amecheka nasi, amekaa kati yangu na Mama Pacha kwenye meza moja, na siri yangu hakuitoa. Mtu ambaye hakuwahi kufungua barua ya mwenziwe, hakunifungua na mimi. Aliniachia nifungue mwenyewe, na leo ndiyo siku yake ya mwisho kazini, na nimeona haya aondoke bado ananingoja.

Mama Pacha, dada yangu. Uko safu ya tatu, na hao wanao wawili pembeni yako wananiita mjomba, wamenizidi urefu wote. Niliogopa. Nilijua unangoja nini, na nikajificha. Naomba unisamehe, mbele ya watu hawa wote.

Anasimama. Mpeni nafasi. Sema dada, nitayarudia maneno yako kwa walio nyuma.

Anasema: "Ngazi zilikuwa kimya siku nne, kaka. Ulidhani mimi nilifikiri umekwenda wapi?"

Alijua. Ndugu zangu, alijua. Dada, na mbona hukuwahi kusema?

Anasema: "Yalikuwa maneno yako."

Anasema tena: "Sasa umeyasema. Teremka, watu wanataka chai."

Mheshimiwa Mkurugenzi, Ndugu Mwenyekiti, majirani na wageni wetu. Mama Mimina, pumzika kwa utulivu wa moyo na afya njema, kazi yako kwangu imekwisha leo saa tisa na robo. Nateremka. Asanteni nyote kwa kunisikiliza mpaka mahali ambapo mimi mwenyewe sikuwahi kufika.